Kusuka Matuta Yaliyolala: Mwongozo kwa Mkono Unaoanza

Msusi anayeanza hutambulika kwa mabega yake. Yamepanda hadi karibu na masikio, kwa sababu anavuta. Anadhani tuta hulala kwa kuvutwa. Tuta hulala kwa mambo mawili tu: fungu la pembeni lipite chini ya fungu la kati, na kila mchoto wa nywele uwe sawa na uliotangulia. Mikono ikiyashika hayo mawili, nywele hukaa wiki mbili bila mtu kuumwa na kichwa. Ikiyakosa, hata ukivuta mpaka nyusi za mtoto zipande, tuta litalegea siku ya tatu.

Msuko wa kuanzia ni ule ambao wengi wa pwani huuita twende kilioni: matuta yaliyonyooka, yanatoka kwenye paji la uso na kwenda kisogoni, bila pambo. Ni msuko wa haraka, wa kujistiri, na mitindo mingine karibu yote imejengwa juu yake. Anayesuka twende kilioni safi anaweza baadaye kupinda tuta, kulizungusha utosini au kulipandisha juu. Asiyeweza huo, mtindo wa kupinda utaanika makosa yake.

Tupatane maneno kwanza. Tuta ni ule mstari wa nywele uliosukwa, uliosimama juu ya ngozi kama tuta la muhogo shambani. Njia ni ngozi inayoonekana kati ya tuta na tuta. Fungu ni mojawapo ya sehemu tatu zinazopishana. Mchoto ni nywele kidogo unazozichota kwenye ngozi na kuziunga na fungu kila linapopita. Na laika ni zile nywele laini na fupi, kama manyoya ya kifaranga, zilizo kwenye ukingo wa paji na panjani. Laika hazisukwi. Ziacheni zilale zenyewe.

Vifaa

Unahitaji chanuo lenye meno mapana la kufungua nywele, kitana cha mkia cha kupasulia njia, vibanio vinne au vitano, chupa ya kupulizia maji, mafuta ya nazi, na uzi mweusi wa pamba wa kufungia ncha. Mkia wa chuma hupasua njia nyembamba kuliko wa plastiki, lakini hakikisha ncha yake ni butu. Ijaribu mgongoni mwa mkono wako: ikiacha alama nyeupe inayokwaruza, usiipeleke kwenye ngozi ya kichwa. Ile mipira midogo ya rangi inayouzwa madukani hupendwa na watoto, lakini hukata nywele mahali inapobana, hasa ikitolewa kwa kuvutwa. Uzi ni bora. Kama mtoto anaing'ang'ania mipira, siku ya kufumua ikate kwa mkasi mdogo, usiivute.

Mafuta ya nazi ya kupika nyumbani ni mazuri mno, kwa kuwa huingia ndani ya unywele wenyewe badala ya kukaa juu tu. Lakini yapikwe hadi maji yaishe kabisa na yachujwe kwa kitambaa. Yakibaki na maji au makapi ya tui, huchacha baada ya siku chache, na harufu hiyo haitoki kichwani kwa urahisi. Mafuta ya nazi huganda joto likiwa chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo asubuhi za kusi huweza kuganda chupani. Hayajaharibika. Yasugue viganjani tu, yatayeyuka.

Kuosha na kukausha

Suka nywele zilizooshwa siku hiyo au jana yake. Ukisuka juu ya jasho na vumbi, unavifungia ndani kwa wiki mbili, na mwasho utaanza kabla ya wiki ya kwanza kwisha. Maji yana maana hapa kwetu. Mji wa Lamu hupata maji yake matamu kutoka visima vya upande wa Shela, kwenye vilima vya mchanga, lakini visima vingi vya mitaani vina chumvichumvi. Maji hayo hayatoi povu vizuri na huacha nywele ngumu. Kama huna budi kuyatumia, weka mtungi mmoja wa maji matamu, au maji ya mvua, kwa suuza ya mwisho. Tofauti utaiona unapopitisha chanuo.

Kisha kausha. Nywele zenye majimaji hunyumbuka, na zikikauka hujivuta. Tuta lililosukwa likiwa limelowa hukaza lenyewe linapokauka, na yule uliyemsuka kwa mkono mwepesi atalala usiku akilia. Zikiwa kavu kabisa nazo hukatika kitanani. Kipimo kizuri ni nywele zilizokauka, halafu ukazipulizia maji kidogo sehemu unayoisuka wakati huo, ziwe na unyevu kama leso iliyoanuliwa kabla ya jua kuimaliza.

Gawa kichwa robo nne, zibane, halafu fungua robo moja moja kwa chanuo, ukianzia ncha na kupanda juu polepole hadi shinani. Anayeanzia shinani husukuma mafundo yote chini na kuyakaza. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kinatosha kichwa kizima cha mtoto, viwili kwa mtu mzima mwenye nywele nyingi. Mafuta yakizidi, mafungu huteleza vidoleni na hutaweza kushika mchoto mdogo.

Zizoeze mikono kabla ya kichwa

Chana vipande vitatu vya leso kuukuu, kila kimoja upana wa vidole viwili na urefu wa mkono, vya rangi tatu tofauti ukiweza. Vifunge pamoja kwenye mguu wa kitanda au mgongo wa kiti. Sasa vishike hivi: mkono wa kushoto, gumba na kidole cha shahada vishike fungu la kati, na vidole vitatu vya mwisho vifumbate fungu la kushoto. Mkono wa kulia, vidole vitatu vya mwisho vifumbate fungu la kulia, na gumba na shahada vibaki huru.

Pitisha fungu la kulia chini ya la kati. Lile la kulia sasa ndilo la kati, na lililokuwa kati limekuwa la kulia. Gumba na shahada ya mkono wa kulia ndizo zinazolishika la kati sasa, na mkono wa kushoto umepata vidole viwili vya bure. Pitisha la kushoto chini ya la kati. Umerudi ulipoanza. Kila mara mkono mmoja unashika la kati, na mwingine una vidole viwili huru. Vidole hivyo huru ndivyo vitakavyochota nywele, kwa hiyo usikubali kuviweka kazini kushika kitu kingine.

Rudia mpaka uweze kufanya mizunguko 30 bila kutazama. Anayejua kusuka ukili wa mkeka huipata kazi hii upesi, kwa kuwa vidole vyake vimekwisha kuzoea kuhesabu juu na chini. Ila ajihadhari: mkono uliozoea kupitisha juu utataka kupitisha juu hapa pia.

Kwa nini chini na si juu? Fungu linalopita juu ya la kati huzamisha msuko ndani ya nywele, ukawa bapa na usioonekana vizuri. Linalopita chini huinua msuko, na ndipo tuta linaposimama. Lakini faida kubwa zaidi ni kwamba fungu linalopita chini linapita kwenye ngozi penyewe, mahali nywele za kuchotwa zilipo. Halihitaji kuzifuata.

Kukaa

Anayesukwa akae kwenye mkeka au mto, wewe ukae juu yake kwenye kiti kifupi au kitandani, kichwa chake kiwe usawa wa kifua chako. Kikiwa chini zaidi utainama na mgongo utakukatiza kazi. Kikiwa juu, mikono itanyanyuka, na mkono ulionyanyuka ndio unaoharibu tuta, kama tutakavyoona. Mwanga utoke nyuma yako au pembeni. Katika nyumba za mawe za Lamu, vyumba vya ndani ni giza hata adhuhuri, kwa hiyo kaeni kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani ulio wazi, au karibu na mlango wake.

Mtoto mdogo hakai zaidi ya nusu saa. Mkono unaoanza huchukua saa mbili hadi tatu kwa kichwa kizima. Hesabu hizo mbili hazikubaliani, kwa hiyo gawa kazi: matuta manne leo, mengine kesho, na nywele zilizobaki zifungwe mabutu. Hakuna aibu ndani yake.

Kupasua njia

Kwa mtoto pasua matuta manane, kwa mtu mzima kumi. Usianze na madogo kuliko hayo. Kwanza gawa kichwa nusu kwa nusu: weka ncha ya mkia wa kitana katikati ya paji, usawa wa pua, uivute kwa mwendo mmoja kupitia utosini hadi kisogoni bila kuinyanyua. Mkia ukinyanyuliwa njiani, njia huvunjika na kuanza upya pembeni kidogo. Kisha gawa kila nusu kwa njia hiyohiyo, manne manne au matano matano. Kwenye paji kila sehemu iwe na upana wa gumba, karibu sentimita 2. Utosini zitapanuka, kwa sababu kichwa kina mviringo, na kisogoni zitarudi kuwa nyembamba. Anayelazimisha upana mmoja mbele na nyuma huishia na nywele zisizo na mwenyewe karibu na shingo.

Paka mafuta kidogo sana kwenye ncha ya mkia, njia itajichora safi. Bana kwa vibanio kila kitu isipokuwa sehemu unayoisuka. Hili ndilo wanaoanza hulidharau, halafu nywele za jirani zinaingia kwenye tuta na njia inapinda kama vichochoro vya Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu.

Matuta ya kwanza maishani mwako yasuke upande wa nyuma, kuanzia utosini kushuka kisogoni. Nywele za hapo kwa kawaida ni imara kuliko za mbele, makosa hufunikwa, na hutajifunzia kwenye ukingo wa paji, ambako nywele zikinyonyoka kwa kuvutwa mara nyingi huenda zisirudi.

Kuanza tuta

Hapa ndipo kazi nzima inapoamuliwa. Acha laika nje, chukua nywele kidogo mwanzoni mwa sehemu, mraba wa nusu sentimita hadi sentimita moja, si zaidi. Zigawe mafungu matatu sawa. Mafungu yakiwa membamba mno yanateleza, na ndiyo maana wanaoanza huchukua nywele nyingi. Matokeo yake tuta huwa na kichwa kinene na mkia mwembamba, na uzito wote unaning'inia kwenye vishina vichache vya mbele. Vumilia mafungu membamba. Pulizia maji, bana kwa kucha ya gumba ukihitaji.

Fanya mzunguko mmoja bila kuchota: la kulia chini ya la kati, la kushoto chini ya la kati. Hiyo ni nanga. Sasa anza kuchota.

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kilicho huru, kiteremke kwenye ngozi na kuchota nywele kidogo kutoka nusu ya kulia ya sehemu, hapo chini kabisa ya ulipofika, si mbele zaidi. Kiasi chake ni unene wa njiti ya kiberiti. Ziunge na fungu la kulia, vyote viwili vipite chini ya la kati kama kitu kimoja. Kisha mkono wa kushoto: chota kutoka nusu ya kushoto, unga na fungu la kushoto, pitisha chini. Kulia huchota kulia, kushoto huchota kushoto. Hivyo tuta hukaa katikati ya sehemu yake na njia za pande zote mbili zinabaki na upana sawa.

Michoto ifuatane kila nusu sentimita hivi. Tuta la sentimita 20 lina michoto karibu 40, yaani 20 kila upande. Jihesabie mara chache za mwanzo. Ukimaliza tuta la urefu huo kwa michoto 15, ulikuwa ukiruka, na utaliona likiwa na mawimbi kama paa la mabati.

Mikono ikae chini. Vifundo vya vidole viguse kichwa muda wote. Ukinyanyua mikono sentimita tatu tu juu ya ngozi, unasuka hewani, na nywele ulizochota zinabaki na urefu wa ziada kati ya ngozi na msuko. Ukiachilia, tuta linasimama kama daraja na kuyumba ukilisukuma kwa kidole. Wengi wakiona hivyo huvuta zaidi. Dawa ni kushusha mikono.

Kaza kwa kuelekea unakokwenda, yaani nyuma, sambamba na ngozi. Usikaze kwa kuvuta juu. Kila baada ya michoto mitatu au minne, simama kidogo, tenganisha mafungu ya pembeni kulia na kushoto kwa upole ili msuko uketi, kisha endelea. Kipimo cha mkazo ni hiki: tuta lisiyumbe, lakini ngozi ya njia iweze kusogea ukiigusa kwa kidole.

Ukifika kisogoni, nywele za kuchota zikiisha, endelea kusuka msuko wa kawaida wa mafungu matatu ulioning'inia hadi zibaki sentimita 2 za ncha. Zungushia uzi mara nne au tano, funga fundo moja la kuteleza, kata. Nywele za kipilipili mara nyingi hazihitaji hata uzi: zungusha ncha kwenye kidole ukiwa umeilowesha, itajikunja na kujishika.

Yanayoharibika na sababu zake

Tuta likianza nene na kuishia jembamba, ulianza na nywele nyingi, au michoto yako ya nyuma ilipungua kwa sababu ulichoka. Wa mwisho huo ni ugonjwa wa matuta ya saba na ya nane. Pumzisha mikono kila baada ya matuta mawili.

Fungu moja likiisha kabla ya mengine, ulikuwa ukilinyima. Ukiona mapema, toa nywele kidogo kwenye fungu nene uziongeze kwenye jembamba. Ukiona umechelewa, fumua hadi palipoharibikia.

Kishimo au ngozi inayochungulia katikati ya tuta ni mchoto ulioruka. Hakizibiki kwa kubandika nywele juu. Fumua.

Vishungi vidogo vinavyochomoza pembeni vina sababu mbili: njia haikuwa safi, au nywele zina urefu usiolingana na nyingine zimechomoka. Za kwanza ni kosa lako, za pili ni maumbile. Zipake mafuta kwa ncha ya kidole na uzilaze. Usizifukuze kwa jeli nyingi, kwa sababu jeli ikikutana na jasho la kaskazi hugeuka unga mweupe njiani na watu wakadhani ni mba.

Tuta likipinda, angalia kichwa cha anayesukwa kabla ya kulaumu mkono. Mtoto aliyegeuza shingo kutazama mlangoni kwa dakika mbili ametosha kulipinda. Kichwa kinyooke, kidevu kiinamishwe kidogo tuta linapovuka utosi.

Na sasa lile kubwa. Vipele vidogo kama vya baridi kwenye ukingo wa nywele, ngozi iliyonyanyuka shinani, nyusi zisizoshuka, kichwa kinachogonga: huo si urembo mpya unaohitaji kuzoewa. Ni vishina vinang'olewa. Fumua matuta ya mbele siku hiyohiyo. Usimpe mtoto dawa ya maumivu ukaacha msuko. Nywele zinazovutwa hivyo mwezi baada ya mwezi huanza kurudi nyuma panjani, na mwanzoni zikipumzishwa hurudi, lakini kishina kikishakuwa kovu hakioti tena. Wanawake wengi wenye panja tupu walisukwa hivyo utotoni na watu waliowapenda, waliodhani kukaza ndiko kusuka vizuri.

Kichwa chenye kidonda, usaha au mapunye hakisukwi. Mapunye ni yale mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika. Peleka zahanati, kwa kuwa huhitaji dawa ya kumeza. Ya kupaka peke yake haifiki ndani ya kishina. Kitana kilichogusa kichwa hicho, au chenye chawa, kisiguse kingine kabla ya kulowekwa kwenye maji ya moto sana kwa dakika 10.

Kipilipili na singa

Mifano ya hapo juu ni ya nywele za kipilipili, ambazo zinashikana zenyewe na kusameheana na mkono mchanga. Lakini Lamu na Malindi nyumba moja huweza kuwa na kipilipili, mawimbi na singa, yaani nywele laini zilizonyooka, kwenye mkeka mmoja. Singa huteleza. Kwa singa acha mafuta kabisa hadi msuko uishe, lowesha zaidi kwa maji, fanya michoto midogo na ya karibu zaidi, na funga kila ncha kwa uzi. Usijaribu kufidia utelezi kwa kukaza. Hata ukifanya yote sawasawa, matuta ya singa hukaa siku nne hadi saba, na hiyo ndiyo haki yake.

Urefu mdogo wa kujifunzia ni sentimita 8. Mkono uliokomaa unaweza kusuka hata sentimita 5, ila wewe subiri zikue. Nywele huongezeka kama sentimita 1 kwa mwezi, au zaidi kidogo. Zilizotiwa dawa ya kunyoosha karibuni ziache wiki mbili kwanza.

Rasta hatuzigusi hapa. Zinaongeza uzito kwenye vishina, na nyumba nyingi huku hazitumii nywele za kuunganisha kwa sababu za dini. Tuta la nywele zako mwenyewe linajitosheleza.

Chini ya ushungi, baharini, na maji ya josho

Anayevaa ushungi au kilemba kila siku amalize matuta yake chini, kisogoni, yakilala. Yakikusanyikia utosini, pini na kitambaa hubonyeza papo hapo kutwa nzima. Pamba ya leso hufyonza mafuta na kukwaruza nywele usingizini, hivyo weka kitambaa laini cha kuteleza ndani yake. Kikuba cha asumini, kile kishada cha maua ya kunukia, kibaniwe kwenye kitambaa, kisidungwe ndani ya tuta, maana pini hukata nywele unapoichomoa usiku. Na ukifukiza nywele kwa udi, zifukize kabla ya kupaka mafuta, chetezo kikiwa mbali na nywele kwa urefu wa mkono.

Usifunike msuko uliolowa. Joto na unyevu chini ya kitambaa kwa saa nne tano huleta harufu na mwasho. Watoto wa Malindi wakitoka kuogelea, mwagia kichwa mitungi miwili ya maji matamu, bonyeza kwa taulo bila kusugua, uache upepo ukaushe.

Swali la josho, yaani kuoga kwa kujitwaharisha, huulizwa sana. Hadithi ya Ummu Salama, mke wa Mtume, inajulikana: alimuuliza Mtume kama afumue misongo yake kwa janaba, akajibiwa kuwa yatosha kumimina maji kichwani mara tatu. Kwa msusi maana yake ni kwamba njia ziwe wazi, zisijazwe jeli wala mafuta mazito yanayozuia maji kufika shinani. Kwa josho la hedhi wanazuoni wana maelezo zaidi, muulize mwalimu wako.

Kila siku ya tatu, chovya ncha ya kidole kwenye mafuta upitishe njiani, njia moja moja. Nusu kijiko cha chai kichwa kizima.

Kufumua

Mtoto siku saba hadi kumi. Mtu mzima wiki mbili, ikizidi sana tatu. Baada ya hapo nywele zilizokatika na zilizong'oka zenyewe huanza kujifunga ndani ya tuta, na kufumua kunakuwa kukata.

Kata uzi kwa mkasi ulioelekezwa mbali na nywele. Paka mafuta kwenye ncha na shinani, ngoja dakika tano, kisha fungua kuanzia ncha kwa vidole, mkia wa kitana ukisaidia kulegeza mafungu. Usipitishe chanuo hadi tuta lote liwe limefunguka. Utaona nywele nyingi mkononi na moyo utashtuka. Kichwa cha kawaida hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku, na kwa wiki mbili hazikuwa na pa kwenda. Kwa hiyo 700 hadi 1,400 ni zile zilizokuwa zimekwisha kuachana na kichwa. Zitazame: zenye kinukta cheupe cha kishina mwishoni zilidondoka zenyewe. Vipande vifupi visivyo na kinukta vilikatika, na vikiwa vingi, punguza mkazo au ongeza unyevu safari ijayo. Osha, acha nywele huru wiki moja, na msuko unaofuata hamisha njia kidogo pembeni ili mistari ileile isipasuliwe tena.